Ua wa sementi, maji ya kisima na nyanya zisizozaa

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Nimepanga Tabata, Dar es Salaam. Ua wetu wote ni sementi, na mwenye nyumba amenipa kona ya mita 2 kwa 4 hivi. Nina viroba vinne na ndoo sita za lita 20. Nilianza Desemba kwa mchicha na nyanya, na sasa tunaelekea mwisho wa Februari. Mchicha unaota vizuri, lakini wiki ya tatu kingo za majani zinakauka na miche inadumaa. Nyanya zimerefuka kama mgomba na zina maua tele, ila maua yanapukutika yote. Kila jioni namwagia lita moja kwa ndoo na lita tatu kwa kiroba, maji ya kisima, maana ya bomba yanakuja kwa zamu. Samadi ni ya kuku, niliipata bandani kwa jirani na nikaichanganya siku hiyohiyo. Majirani wananiambia mkono wangu haukubali mimea. Ni kweli, au mjini hapalimiki?

JIBU: Marahaba. Mkono wako hauna kosa lolote. Kwenye maelezo yako kuna vitu vitatu vinavyoua bustani nyingi za Dar es Salaam, na mkubwa wao ni maji. Nitaanza na hayo, na nitakaa hapo kidogo, kwa sababu usipoyaweka sawa mengine yote hayatakusaidia.

Kwanza hakikisha ni chumvi. Angalia majani ya chini ya mchicha, yale ya zamani. Kama ukavu ulianzia kwenye ncha na kingo za majani hayo, kisha ukaingia ndani taratibu huku katikati pakibaki kijani, hiyo ni chumvi. Sasa parua udongo wa juu kwa kidole, halafu tazama na ubavu wa kiroba. Ukiona ukoko mweupe unaomeguka kama chokaa, huna haja ya ushahidi mwingine. Kiroba kinapumua, maji yanatoka kwenye ubavu kama mvuke, na chumvi inabaki pale palepale ikikusubiri.

Maduka mengi yanayouza vichujio vya maji yana kipimo kidogo mfano wa kalamu, kinachosoma chumvi iliyoyeyuka kwenye maji. Kama huwezi kununua, peleka chupa ya maji yako wakupimie. Maji yakisoma chini ya miligramu 450 kwa lita, mwagilia unachotaka. Kati ya 450 na 2,000 unaweza kulima, lakini lazima uchague mazao na ubadili namna ya kumwagilia. Yakipita 2,000, yaachie kufua na kudekia. Maji ambayo ulimi wenyewe unayaona yana chumvi, mara nyingi yameshapita 1,000.

Tupige hesabu. Tuseme maji yako yana miligramu 1,500 kwa lita. Lita moja kwa siku ni gramu moja na nusu za chumvi, na kwa mwezi ni gramu 45, yaani vijiko saba vya chai na kitu ndani ya ndoo moja. Kiroba kinachopewa lita tatu kinabeba gramu 135 kila mwezi. Mmea unakunywa maji na jua linakausha yaliyobaki, ila chumvi haina pa kwenda. Hapo ndipo lilipo kosa ambalo kila mtu huliona kuwa ni uangalifu: kumwagia kidogokidogo kila siku, maji yasipotee. Kwa maji ya kisima inatakiwa kinyume chake. Mwagilia mpaka karibu sehemu moja ya tano ya maji uliyotia itoke chini. Ukitia lita tano, lita moja itoke. Hiyo inayotoka ndiyo inayobeba chumvi.

Kwa hiyo pindua ndoo zako uangalie matundu. Tundu moja katikati ya kitako halitoshi, maana likikaa juu ya sementi linazibika. Toboa matundu sita hadi manane yenye upana wa kidole kidogo, mengine kwenye kitako na mengine ubavuni, sentimita mbili kutoka chini. Kisha inua kila ndoo kwa vipande vya tofali. Tofali hizo zitakusaidia na kwa jambo jingine: sementi iliyopigwa na jua la Februari inachoma, na ndoo inayoikalia inapika mizizi. Ndoo nyeusi ndiyo mbaya zaidi. Ipake chokaa nje au ivalishe kiroba kikuukuu.

Udongo ulioshajaa chumvi huoshwa kwa maji yasiyo na chumvi, kiasi mara mbili ya ujazo wa chombo. Ndoo ya lita 20 itataka lita 40, zinazotiwa polepole kwa saa moja au mbili ili zipenye, zisipite kandokando. Kwa kiroba hiyo ni kazi ya kuvunja mgongo, na maji ya bomba mnagawana kwa zamu. Sikushauri. Masika yanaanza Machi. Ng'oa mimea iliyodumaa, visogeze viroba mahali ambapo mvua inavifikia moja kwa moja, na uiachie mvua ikufanyie kazi. Mvua kubwa nne au tano zinaosha vizuri kuliko mtu na ndoo yake.

Mvua hiyohiyo usiiache yote iende mtaroni. Bati la mita 4 kwa 5 likipata mvua ya milimita 10 linatoa karibu lita 200. Ukimwomba mwenye nyumba ruhusa ya kufunga kipande cha gata na pipa moja, utakuwa na maji ya miche kwa wiki kadhaa. Maji ya dakika kumi za kwanza yamwage, yana vumbi na mavi ya ndege. Pipa lifunikwe kwa wavu wa mbu, na si kwa hiari: Dar es Salaam ilipata mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake, yule anayeuma mchana, hahitaji dimbwi la mtaroni ili azaliane. Kisahani chenye maji chini ya ndoo ya maua kinamtosha. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja, kwa hiyo ama usitumie visahani kabisa, ama uvimwage na kuvisugua kila siku ya nne. Mjumbe akija kukagua, hilo ndilo atakalouliza kwanza.

Ukikosa mvua, changanya. Nusu ya bomba na nusu ya kisima hupunguza chumvi kwa karibu nusu. Maji safi yatunzie mbegu na miche michanga, kwa sababu hapo ndipo mimea mingi inapokuwa dhaifu zaidi. Mmea mkubwa unavumilia ambacho mche wa wiki moja hauwezi. Na maji ya kisima yapeleke kwenye udongo, usiyanyunyize juu ya majani, maana tone likikauka juu ya jani linaacha chumvi hapohapo.

Sasa mazao. Kwa maji yako, zao la kwanza ni spinachi. Hii ya sokoni kwetu, yenye jani pana na ubua mnene mweupe, ni ndugu wa bitiruti, na ukoo huo unavumilia chumvi kuliko mboga nyingi. Kunde nazo ni imara, na majani yake ni mboga. Mchicha, matembele na nyanya ziko katikati: zitakupa kitu ikiwa utamwagilia kama nilivyoeleza. Maharage, karoti, vitunguu na stroberi usihangaike nazo. Mitandaoni utaziona stroberi kwenye mabomba ya plastiki zimening'inia kama shanga, lakini bustani hizo haziendeshwi kwa maji ya kisima cha Tabata.

Kosa la pili ni samadi. Mbolea ya kuku mbichi ina amonia inayounguza mizizi, na yenyewe ina chumvi nyingi, kwa hiyo ulikuwa unaongeza chumvi juu ya chumvi. Ikitoka kwenye banda la kuku wa nyama huja na maranda, na maranda mabichi yakianza kuoza ndani ya kiroba, vijidudu vinavyoyaozesha vinakula naitrojeni ya udongo. Mchicha unabaki wa njano huku wewe unashangaa, mbolea si umeweka? Mbolea ya kuku iloweshwe, irundikwe chini ya turubai, igeuzwe kila wiki kwa wiki nane. Ikiwa tayari hainuki amonia, inanukia udongo. Ukiingiza mkono katikati ya rundo na ukakuta bado ni moto, iache. Kama huna nafasi ya kurundika, na kwa ua wa kugawana sidhani kama unayo, tafuta samadi ya ng'ombe iliyokaa miezi mitatu au zaidi. Haina harufu ya kuwafanya wapangaji wenzako waitishe kikao.

Viroba vyako vijaze upya baada ya masika kuviosha, au anza vipya viwili sasa. Kiroba cha kilo 50 kinameza madebe matatu hivi. Nusu iwe udongo, robo samadi iliyooza, robo makumbi ya nazi. Mchanga usiongeze, udongo wa Dar es Salaam unao wa kutosha. Makumbi ndiyo hazina ya bure ya mji huu. Wauza madafu na wauza nazi wanayatupa. Yapige kwa nyundo mpaka yachambuke, yaloweke usiku mzima kwenye maji safi, mwaga, loweka tena. Yanashika maji kama sponji na hayagandi. Jihadhari tu na makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba, hayo yameshiba maji ya bahari. Na machicha ya nazi kutoka jikoni usiyatie kwenye kiroba: sisimizi watakuja mchana, panya usiku.

Udongo wenyewe usiuchote bonde la Msimbazi, hata ukiuona mweusi na wenye rutuba. Bonde lile limepokea majitaka na taka za viwanda kwa miaka mingi, na madini mazito kama risasi hayaoshwi na mvua wala hayaondoki kwa kupika. Vivyo hivyo udongo wa karibu na gereji au mahali palipokuwa panachomwa betri. Ndoo za rangi ya maji zinafaa zikisuguliwa vizuri. Zilizobeba rangi ya mafuta au dawa ya wadudu, hapana.

Kiroba kina ujanja wake mmoja, na watu wengi wanaukosa. Ukijaza udongo mtupu, maji unayomwaga juu yanaishia sentimita 20 za mwanzo, na kilichopandwa ubavuni chini kinakufa kwa kiu huku juu ni tope. Kwa hiyo chukua kopo la lita mbili, likate kitako chote, lisimamishe katikati ya kiroba kitupu na ulijaze kokoto. Jaza udongo kulizunguka mpaka usawa wa kopo, kisha livute juu taratibu. Kokoto zinabaki zimesimama kama nguzo. Rudia hivyo mpaka juu, na usizidi sentimita 70 za kimo. Siku zote mwagia kwenye nguzo ya kokoto. Ubavuni toboa matundu kwa kisu, umbali wa sentimita 20, yapishane yasiwe kwenye mstari mmoja, na yale ya chini yaanzie sentimita 20 kutoka kitakoni. Spinachi na matembele ndizo za ubavuni. Mchicha ukae juu, hauna faida kuutia tundu. Kiroba chenyewe kinaliwa na jua, baada ya mwaka hivi kinaanza kuparaganyika vipande, kwa hiyo usikiburute kikiwa kimejaa.

Kama siku moja utahamia ghorofani, kumbuka ndoo ya lita 20 yenye udongo uliolowa inapita kilo 30. Kwenye baraza usizidishe ndoo nne kwa kila mita ya mraba bila kumuuliza fundi anayeijua nyumba, na zipange upande wa ukutani, si kwenye ukingo.

Nyanya zako hazina ugonjwa. Hapo ndipo lilipo kosa la tatu: zimepandwa wakati mbaya. Chavua ya nyanya huharibika joto la usiku likizidi nyuzi 22 au 23, na Dar es Salaam kuanzia Desemba hadi Machi usiku wenyewe unacheza kwenye 24 na 25. Ua linachanua, halipati kitu, linanyauka kwenye kifundo na kudondoka. Unaweza kuweka mbolea ya aina yoyote, hutashindana na usiku. Naitrojeni nyingi ya kuku nayo ilichangia urefu huo wa mgomba. Ng'oa. Najua inauma, ila kila siku unayozimwagilia ni maji yanayopotea.

Sia mbegu upya kati ya mwisho wa Machi na katikati ya Aprili, kwenye kitrei au makopo ya mtindi yaliyotobolewa, chini ya kivuli cha bati ili mvua isifukue mbegu. Aina za Tanya na Tengeru 97 zinapatikana kwenye maduka ya pembejeo na zinafaa kwa ndoo. Baada ya wiki nne mche una sentimita 15. Uhamishe jioni, mmoja kwa ndoo, ukizika shina mpaka karibu na majani ya kwanza, maana sehemu iliyozikwa itatoa mizizi. Maua yatakuja karibu na Juni, usiku ukiwa umeshuka kwenye 19 na 20, na matunda utayaona yanashika yenyewe. Kwenye ua uliozungushiwa ukuta upepo ni mdogo, kwa hiyo kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi gonga kidogo kijiti kinachoshikilia mmea, chavua idondoke. Sekunde tatu zinatosha.

Matunda yakianza, ndoo moja itataka lita mbili hadi tatu kwa siku. Ukiruka siku mbili halafu ukafidia kwa kumwaga nyingi, utaona kitako cha tunda kinakuwa cheusi na kubonyea kama ngozi. Watu hununua dawa ya ukungu, lakini huo si ukungu. Ni kalisiamu kushindwa kufika kwenye tunda kwa sababu maji yanakuja kwa kusuasua, na chumvi huzidisha. Maganda ya mayai yanachukua muda mrefu mno kuoza kukuokoa msimu huo. Tandaza majani makavu au makumbi unene wa sentimita tano juu ya udongo na umwagilie kwa ratiba moja.

Kuna jambo moja la nyanya ambalo halina tiba. Mmea ukinyauka ghafla mchana huku ukiwa kijani kabisa, kata kipande cha shina karibu na udongo na ukitumbukize ncha yake kwenye glasi ya maji safi, bila kuitikisa. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye jeraha ndani ya dakika chache, ni mnyauko bakteria. Ng'oa mmea, tupa na udongo wake, sugua ndoo kwa maji ya klorini, na hapo usirudishe nyanya, biringanya, pilipili wala nyanya chungu. Ndoo zina raha hii ambayo mkulima wa ekari hana: unatupa udongo wa ndoo moja, na nyingine tano hazijui kilichotokea.

Wadudu nitawapitia upesi. Mwezi huu wa joto kavu tazama chini ya majani kama kuna utando mwembamba na vidoti vya njano. Ni utitiri, unaofukuzwa kwa kurushia maji kwa nguvu chini ya jani, siku tatu mfululizo. Vidukari na inzi weupe wanyunyizie maji yenye sabuni ya maji, kijiko kimoja cha chai kwa lita, jioni tu. Viwavi wanaokunja majani ya mchicha, chukua viini vya mbegu za mwarobaini gramu 50, vitwange, viloweke usiku kucha kwenye lita moja ya maji, chuja, tia sabuni kidogo, nyunyiza siku hiyohiyo na urudie baada ya wiki. Sumu za viwandani kwenye ua ambamo watoto wanacheza na nguo zinaanikwa, mimi nazikataa. Mchicha unaliwa siku ya 25. Sumu nyingine zinataka wiki moja au mbili kabla ya kuvuna, na hakuna anayehesabu siku hizo akiwa na njaa.

Umeuliza kama mjini hapalimiki. Kwa nyanya za kuuza, mita 8 za mraba ni kujisumbua. Kwa mboga ya jioni, panalimika sana. Mchicha wa genge umekatwa alfajiri na kupigwa jua kutwa. Wako utaung'oa maji yakiwa yanachemka jikoni, na tofauti utaisikia mdomoni. Sia pungufu ya nusu kijiko cha chai cha mbegu iliyochanganywa na mchanga mara kumi yake, juu ya kiroba kimoja, funika kwa udongo mwembamba mno, na kila baada ya siku kumi sia kiroba kingine, ili usivune vyote siku moja na kukaa wiki tatu bila mboga. Ndoo moja ipe mchaichai. Shina moja lenye mizizi likishika, baada ya miezi minne litatia harufu chai ya nyumba nzima, na majirani wale wa mkono usiokubali mimea watakuja kuomba.

Kwa wiki hii fanya haya tu. Pima maji. Toboa ndoo na uziinue. Ng'oa nyanya. Jaza kiroba kimoja kipya kwa kipimo nilichokupa. Kesho ukienda gengeni nunua fungu la matembele, chambua majani kwa ajili ya mboga, lakini vijiti vyenye vifundo vitatu au zaidi usivitupe. Vichomeke kwenye kiroba hicho jioni, vifundo viwili chini na kimoja juu, umwagie maji ya bomba kwa siku tano za kwanza. Katikati ya Aprili utaanza kuchuma.